Hesabu ya Mradi Isomwe Ufuoni

Kila mradi wa kuwasaidia wavuvi maskini wa Pwani huishia katika ripoti. Ripoti hiyo huandikwa kwa Kiingereza, husomwa katika ukumbi wa hoteli penye feni na maji ya chupa, hupelekwa Nairobi, ikitoka huko huenda Washington, na aghalabu mvuvi aliyehesabiwa ndani yake kuwa mmoja wa walionufaika haoni hata jalada lake. Sisi wa jarida hili tunasema kwamba utaratibu huo ni mabaki ya utawala tulioukataa. Tathmini ya mradi wa uvuvi si kazi ya wataalamu peke yao. Ni haki ya mwenye kuvua, ya mwanamke anayenunua ndoo ya samaki alfajiri, na ya mtoto atakayelipa deni. Na haki hiyo haitofautiani na ile ya kupiga kura na kuiona kura yako ikihesabiwa mbele ya macho yako.

Tunaandika haya tukiitazama Likoni. Mwenye kusimama kwenye kivuko huona utajiri wa taifa zima ukimpita: makontena, magari, mafuta, ngano. Chini ya meli hizo, katika mitumbwi, ngalawa na madau, wamo wavuvi wanaongoja mawimbi ya meli yatulie ndipo warudishe mshipi majini. Wa Mtongwe wana kituo cha Jeshi la Wanamaji upande mmoja na njia ya meli upande wa pili. Wa Timbwani wana mwamba, na nyuma ya mwamba bahari kuu isiyomwogopa mtu wa chombo kidogo. Baina ya marufuku ya huku na mawimbi ya kule, maji yaliyosalia kwa maskini ni membamba, na nyumba zinazoyategemea kwa chakula cha jioni ni nyingi.

Si kwamba fedha hazikuja. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha Mradi wa Maendeleo ya Pwani ya Kenya, uliojulikana kama KCDP, kwa mkopo wa dola milioni 35 pamoja na ruzuku ya dola milioni 5 kutoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Uliratibiwa na taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, na ndani yake mlikuwa na sehemu iliyoitwa Hazina ya Maendeleo ya Pwani, iliyokusudiwa kuvipa vikundi vya wanakijiji ruzuku ndogo ndogo. Kisha Machi 2020 benki hiyo hiyo ikaidhinisha mradi mkubwa zaidi, Mradi wa Uvuvi wa Baharini na Maendeleo ya Kijamii na Kiuchumi, KEMFSED, wa dola milioni 100, yaani takribani shilingi bilioni 10 kwa bei ya dola ya wakati ule. Shabaha zake zilitajwa kuwa mbili: kuboresha usimamizi wa uvuvi wa baharini, na kuziinua jamii za kaunti za Pwani, Mombasa ikiwemo, kwa ruzuku za vikundi, misaada ya masomo na huduma nyinginezo.

Msomaji alishike vizuri neno moja hapo: mkopo. Wakubwa wanapofika ufuoni kukabidhi mashua, hupigiwa vigelegele kana kwamba wameitoa mifukoni mwao. Mashua hiyo ni deni. Katiba ya 2010 inaliweka deni la umma mabegani mwa hazina ya taifa, na hazina hiyo hujazwa na kodi ya sukari, ya mafuta ya taa na ya petroli anayoitia mvuvi katika mashine yake. Mama wa Shika Adabu asiyepata kutia mguu ndani ya mashua ya mradi anailipia kila anapokwenda dukani. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza, wala hahitaji kuomba ruhusa ya chifu, ya diwani au ya afisa wa mradi.

Basi aulize nini? Hapa ndipo tunapoachana na wenye ripoti. Wao huhesabu vitu: mashua zilizotolewa, mashine, majokofu, mafunzo yaliyofanyika, watu waliotia saini daftari la mahudhurio. Vitu hivyo ni rahisi kuhesabika na hupendeza katika picha. Lakini mvuvi hali mashua. Mvuvi hula fungu lake, na mtu asiyeyajua mafungu ya pwani hawezi kusema kama mradi umefaulu ama umeanguka.

Tuseme, kwa mfano tu, chombo kimerudi na samaki wa shilingi 8,000. Petroli na barafu vimekula 2,500; zimesalia 5,500. Kwa desturi yetu pesa hizo hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mashine pale penye mashine, kisha fungu moja moja kwa nahodha na mabaharia. Wakiwa watu watano, mafungu ni manane, na kila mtu aliyekesha baharini anarudi nyumbani na pungufu kidogo ya shilingi 700. Mwenye chombo, nyavu na mashine, hata kama usiku huo alilala kitandani kwake, amepata zaidi ya shilingi 2,000. Huo ndio umaskini wa mvuvi. Samaki wapo, lakini mafungu matatu kati ya manane yamekwisha kuwa na mwenyewe kabla chombo hakijatoka ufuoni. Aghalabu mwenyewe huyo ndiye tajiri anayewakopesha pesa za chakula wakati wa kusi, na kwa sababu ya mkopo huo ndiye anayepanga bei ya samaki wakati wa kaskazi.

Ahadi ya mradi unaotoa chombo kwa kikundi ni kwamba mafungu hayo matatu yatatoka mkononi mwa tajiri na kuwarudia wanakikundi. Ahadi hiyo ni njema na sisi tunaiunga mkono bila kigugumizi. Kwa hiyo swali la kwanza la tathmini, na pengine ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: mafungu matatu yako wapi? Je, yamo katika daftari la kikundi, yakionekana mwezi baada ya mwezi? Yamewekwa akiba ili mashine ikiharibika ipatikane ya kutengenezea? Au yanachukuliwa na mwenyekiti, na mwanakikundi amebadilishiwa tajiri tu, huyu wa sasa akiwa na muhuri na barua rasmi? Mtathmini asiyelifungua daftari hilo mbele ya mabaharia wenyewe, akawauliza mmoja mmoja walipata nini juzi na jana, ametalii tu.

Swali la pili linawahusu wanawake. Mama karanga hapandi chomboni, na kwa sababu hiyo husahaulika katika orodha. Yeye hununua samaki wadogo wadogo, tafi, tasi na wale wasiopendwa na hoteli, akawakaanga na kuwauza kando ya njia kwa watu wa kima cha chini wasioweza kununua nyama. Mradi ukileta jokofu na mnunuzi mkubwa, bei ufuoni hupanda. Mwenye chombo hufurahi. Mama karanga huambiwa samaki wote wamekwisha kununuliwa. Katika ripoti hilo litaandikwa kuwa ni ongezeko la mapato. Nyumbani kwa mama karanga ni sufuria tupu, na kwa mteja wake, kibarua wa bandarini, ni sima kwa mchuzi wa nyanya. Hatusemi majokofu yasiletwe. Samaki anayeoza kwa kukosa barafu hamfai yeyote. Tunasema kila banda la samaki liwe na kanuni, iliyokubaliwa kwa kikao na kuandikwa ukutani, inayowahifadhia mama karanga sehemu ya samaki wa kila siku, na tathmini iulize kama kanuni hiyo ipo na kama inafuatwa.

Liko pia jambo la majira, ambalo wageni wengi hawalijui. Kati ya Novemba na Machi, kaskazi ikivuma, bahari hulainika, vyombo vidogo hupita mwamba, na hata mvuvi dhaifu hupata kitu. Kati ya Aprili na Oktoba, kusi likishika, mtumbwi hufungwa chini ya mkoko au huzungukazunguka ndani ya mwamba pale pale palipokwisha kuvuliwa na wengine. Mgeni akija Januari ataona kapu limejaa, atapiga picha, ataondoka ameridhika. Aje Julai. Aje siku ambayo watoto wamerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada, na chombo cha mradi hakijatoka kwa wiki mbili kwa sababu ya mawimbi, ndipo aulize kama familia hii imepata kinga yoyote tofauti na ile ya mwaka kabla ya mradi. Mradi usiofika mwezi wa Julai haukufika.

Sasa tuje kwenye neno linalopendwa sana, uvuvi endelevu. Maana yake ni nzuri na haipingiki: tusile mbegu. Nyavu za kukokota ufuoni, yaani juya, zilipigwa marufuku na serikali mwaka 2001 kwa sababu hukusanya samaki wachanga na kuharibu nyasi za bahari wanamokulia. Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016 ikaongeza meno. Wako watetezi wa maskini wanaotaka marufuku hiyo ilegezwe kwa huruma. Hatukubaliani nao. Anayemaliza tafi wachanga leo anamwibia mwanawe mwenyewe, na huruma ya namna hiyo hulipwa kwa njaa baada ya miaka michache. Lakini tuulize ni nani anayelivuta juya. Ni vijana wasio na chombo, wasio na shamba, wasio na kazi, ambao kamba ya juya ndiyo ajira pekee isiyowadai cheti wala mtaji. Nyavu ikichomwa moto hadharani, mwenye nyavu hununua nyingine. Kijana huyo hana pa kwenda. Mradi uliodai kuhifadhi bahari uoneshe, kwa idadi na kwa mtaa, vijana wangapi wa juya walipata nyavu halali, au chombo, au kazi nyingine, na wangapi waliachwa na majivu.

Pwani yetu ina mifano miwili ya jinsi uhifadhi unavyofaulu na unavyoanguka, nayo haiko mbali na Likoni. Mwaka 1995 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari ya Diani na Chale, kusini kwetu. Wavuvi waliiona kama bahari yao inayochukuliwa, wakapinga, na hifadhi hiyo ikabaki katika karatasi. Huko Kuruwitu, Kilifi, katika miaka ya 2000, wavuvi waliketi wenyewe, wakaona samaki wanapungua, wakakubaliana kufunga kipande cha bahari yao wasikivue. Samaki na matumbawe vikarudi, na mwaka 2017 jamii hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Bahari ni ile ile na wavuvi ni wa desturi ile ile. Diani wavuvi waliletewa hifadhi ikiwa imekwisha kuamuliwa. Kuruwitu waliiamua wao. Wale wanaotuambia kwamba demokrasia ni anasa ya watu wa Nairobi wavitazame vipande hivyo viwili vya maji.

Wala haitakuwa haki kumpima mvuvi mdogo kwa uharibifu na kuwaacha wakubwa wapite. Mlango wa Kilindini umechimbwa ili meli kubwa ziingie. Gati jipya la makontena likafunguliwa 2016. Dongo Kundu imepimwa kwa barabara, magati na eneo maalumu la viwanda. Maendeleo hayo taifa linayahitaji, hatukatai. Lakini tope linalochimbuliwa hufunika matumbawe na nyasi za bahari, na njia za meli zikipanuka, mahali pa kutega malema hupungua. Ni dhihaka kumpa mvuvi wa Mtongwe mafunzo ya kutunza mazalio ya samaki kwa fedha za mkopo mmoja, huku mkopo mwingine ukiyafukia mazalio hayo hayo. Tathmini ya haki huhesabu pande zote mbili: alichopewa na alichonyang'anywa.

Hilo si jambo la ndoto. Tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya bandari ya Lamu kwamba haki za jamii zilivunjwa, ikaagiza wavuvi takribani 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya riziki yao. Wavuvi wale hawakuwa na chama kikubwa nyuma yao. Walikuwa na umoja, na walikuwa na Katiba inayotaja mazingira safi, utamaduni na ushiriki wa wananchi kuwa haki. Mvuvi wa Likoni asiyeandika leo alichovua na mahali alipokivua hatakuwa na la kumwonyesha hakimu kesho.

Kenya ina kisa kingine cha mradi wa samaki, ambacho kila mwanaharakati angepaswa kukijua. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 serikali ya Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, kwa nia ya kuwatoa wafugaji wa Turkana katika ukame na kuwafanya wavuvi. Kiwanda kilikamilika, kikafanya kazi kwa muda mfupi mno, kikafungwa: gharama ya kugandisha samaki katika jua lile ilizidi bei ya samaki wenyewe, na ghuba ya Ferguson waliyoitegemea ikapungukiwa na maji. Hakuna aliyekuwa amewauliza Waturkana. Kisha Oktoba 1990, Norway ilipolalamikia kushtakiwa kwa Koigi wa Wamwere kwa kosa la uhaini, Serikali ya Moi ikavunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo, na Wanorway wakaondoka na misaada yao. Hivyo mradi uliojengwa bila sauti ya wananchi uliangushwa na hesabu zake, na misaada iliyosalia ikaondolewa na uamuzi wa mtu mmoja, wananchi wakiwa watazamaji mara zote mbili. Wale waliokuwa wakituambia enzi hizo kwamba siasa za vyama vingi hazihusiani na mlo wa maskini walikuwa na mfano huo mbele yao.

Hapa Likoni tunao mfano mchungu zaidi. Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, na siku zilizofuata majirani waliotoka bara wakafukuzwa, wakauawa, wakachomewa nyumba. Maelfu wakakimbilia ua wa Kanisa Katoliki. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Waliopanga fitina ile walijua pa kupata vijana: walikuwapo wengi wasio na ardhi, wasio na kazi, waliojiona wageni katika pwani ya babu zao, na uchungu wao wa haki ukageuzwa kuwa panga la kumpiga maskini mwenzao. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza, ikakabidhi ripoti yake 1999, nayo ikafungiwa hadi 2002. Tunakumbusha hayo kwa sababu mbili. Kijana wa juya aliyeachwa bila njia ni yule yule anayetafutwa na mchochezi. Na mazoea ya kuficha ripoti, iwe ya damu au ya samaki, ni mazoea mamoja.

Turudi ufuoni. Tangu kanuni za 2007, kila bandari ya wavuvi ina chombo cha usimamizi ambacho wote wanakiita BMU, chenye wanachama na kamati inayochaguliwa. Kwa wengi hicho kimekuwa mlango wa kupitia ili mradi uwafikie. Ni serikali ndogo ya ufuo, na kama serikali yoyote, yaweza kutekwa. Kizazi chetu kinaukumbuka mlolongo wa 1988, ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu mchana kweupe. Tuliondoa kifungu cha 2A Desemba 1991 ili upuuzi huo usirudi. Itakuwa aibu ikiwa kamati ya BMU, inayoamua nani awe katika kikundi cha ruzuku na nani aachwe, itachaguliwa kwa kunyoosha mikono mbele ya tajiri anayewadai wapiga kura nusu yao. Uchaguzi wa BMU uwe wa siri. Baharia asiye na chombo awe na kura sawa na mwenye vyombo vitano, na mama karanga ahesabiwe kuwa mwanachama kamili, si mpishi wa mkutano.

Tumesikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba wavuvi hawana elimu ya kusoma hesabu za mradi. Mtu anayezijua nyota, maji makuu na maji mafu, anayegawa mafungu manane gizani bila kalamu na asidhulumiwe hata shilingi, ataishindwa karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili? Ya pili husema kwamba maswali yatawakasirisha wafadhili na mradi utaondoka. Benki ya Dunia yenyewe iliunda Jopo la Ukaguzi mwaka 1993 ili watu walioathirika na miradi yake, wawili au zaidi, waweze kuishtaki kwake. Wakenya waliwahi kulitumia: mwaka 1999 lilipelekewa malalamiko juu ya namna gugu maji lilivyokuwa likikatwakatwa na kuachwa lizame katika Ziwa Victoria chini ya mradi wa mazingira wa ziwa hilo. Mbingu hazikuanguka. Mwenye kuogopa maswali ana la kuficha, naye si rafiki wa mradi.

Neno kwa makanisa. Miaka ya 1990 mimbari ndiyo iliyosema pale ambapo magazeti yalitishwa, na mwaka 1999, pale Ufungamano, viongozi wa Kikristo walikaa meza moja na Waislamu na Wahindu kudai katiba ya wananchi. Kwa wavuvi wa Likoni, wengi wao wakiwa Waislamu, umoja wa namna ile una kazi ya kufanya leo. Parokia na sharika zina ukumbi, zina watu waliosoma uhasibu, zina vijana wenye kompyuta. Zitoe ukumbi huo kwa kikao cha wavuvi bila kuuliza dini ya mtu, na muadhini na padri waketi mbele kama mashahidi. Wanafunzi wa kwanza wa Yesu walitoka katika nyavu, na hatuoni aibu kusema kwamba kanisa lililoko hatua chache kutoka banda la samaki, lisilojua bei ya samaki, limepitiwa na jambo.

Kuhusu njia ya kufuata, sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 69 kinaiamuru Serikali kuhakikisha mali ya asili inatumiwa kwa njia endelevu na faida yake inagawanywa kwa haki, na kuhimiza ushiriki wa wananchi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 za kujibu, na anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Barua haihitaji wakili. Inahitaji jina, anwani na swali lililo wazi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba vikundi vya Mtongwe, Likoni, Timbwani na vijiji vya Dongo Kundu viandike barua zao mwezi huu, kila kikundi ya kwake, kwa idara ya uvuvi ya Kaunti ya Mombasa na kwa Idara ya Serikali ya Uvuvi huko Nairobi. Waulize kwa ufuo wao: ni vikundi gani vilipewa ruzuku, shilingi ngapi, lini na kwa kazi gani, ni vyombo na mashine zipi zilinunuliwa, kwa bei gani, na kutoka kwa nani, viko wapi sasa na vinafanya kazi au vimelala, ni vijana wangapi wa juya waliopewa njia nyingine, ni watoto gani, kwa idadi na kwa wadi, waliopata msaada wa masomo. Waombe majibu kwa Kiswahili, na waombe yasomwe katika kikao cha hadhara bandani, wakati wa kusi, siku ambayo vyombo havikutoka. Nakala ya kila barua igongwe muhuri wa kupokewa, nyingine iletwe kwetu. Majibu yatakayopatikana tutayachapisha yote katika kurasa hizi, pamoja na tarehe ambayo kila barua ilipokewa.